Picha Mbichi za Yudelka

Soksi zilikuwa ndefu, nyepesi, za kutoka New York, na Doña Ozema alizitandika juu ya meza kando ya bakuli la supu ya sancocho lililokuwa bado linafuka. Akazilainisha kwa kiganja. Kisha akatoa mkobani kopo la duara la poda ya uso, lenye kifuniko cha dhahabu ya uongo, akaliweka juu ya soksi.

"Vya harusi hivi, mwanangu," alimwambia Yudelka. "Soksi za kuvaa chini ya gauni, na poda ya kupaka mpaka shingoni. Maduka matatu nimezunguka, na magoti yangu haya. Sikutaka uso useme hivi na miguu iseme vile."

"Asante sana, Doña Ozema. Usingejisumbua."

"Nisijisumbue, kwani nina watoto wangapi? Ni huyo mmoja. Hebu jaribu tuone."

Mama mkwe akikuletea zawadi unashukuru kwanza, mengine baadaye. Yudelka aliingiza mkono ndani ya soksi moja, kama wanawake wanavyofanya dukani, akaunyoosha juu ya kitambaa cha meza ili rangi ionekane. Mkono wake ukapotea. Kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko ulikuwa mkono wa mwanamke mwingine, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la kahawa, na juu ya kiwiko ndipo Yudelka mwenyewe alipoanza: mweusi, mweusi wa kuiva, kama marehemu baba yake aliyezaliwa kwenye kambi za wakata miwa. Hakuna aliyecheka.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa kina Eliezer mjini Santiago de los Caballeros, na zilikuwa zimebaki wiki tatu kufunga ndoa. Eliezer na Yudelka walikuwa wamependana miaka minne. Miaka yote hiyo Doña Ozema alikuwa Bronx, kule New York, akiogesha na kulisha wazee wa watu, na mkwewe alimjua kwa picha tu. Simu za video alizikataa kabisa. Hakutaka mtu wa nyumbani aone chumba anacholala. Alituma sauti, akatumiwa picha. Na aliyekuwa akimtumia picha ni mwanawe wa kumzaa, mpiga picha anayegombewa na maharusi wa mji mzima. Nani angetia shaka hapo?

"Jua la huku limekuwa kali siku hizi," Doña Ozema alisema polepole. Macho yake yalitoka kwenye soksi, yakapanda mpaka usoni mwa Yudelka, yakashuka tena. "Umeungua, mwanangu? Mlikwenda pwani?"

"Sijaungua, Doña. Nimezaliwa hivi."

"Mama, supu inapoa," Eliezer akadakia.

"Na ipoe." Mama yule alifungua kopo, akachovya ncha ya kidole, akampaka Yudelka kwenye kifundo cha mkono. Alipaka kwa upole, hilo lazima lisemwe. Poda ikakaa juu ya ngozi kama unga wa ngano juu ya meza ya mwokaji. "Dada wa dukani nilimpa simu yangu, nikamwambia, mkwe wangu ndiye huyu, nitafutie namba ya rangi yake. Akapanga makopo yote kando ya picha, tukachagua wawili. Sasa yule dada alikosea nini?"

Yudelka alimtazama Eliezer. Macho ya Eliezer ndiyo yaliyomtia msichana huyu wazimu wa mapenzi. Alikuwa na namna ya kukutazama bila haraka, kama anasubiri jua lisogee kidogo ndipo aseme neno. Mchana ule yalikuwa yanahesabu vijiko.

Yudelka akaelewa. Hakuwa mtu wa kuelezwa mambo ya picha. Kutengeneza rangi za picha ndiko kulikokuwa kukimpa ugali.

Wakati wa kuosha vyombo, Doña Ozema alimfuata jikoni na kitambaa cha kukaushia. Walifanya kazi bega kwa bega mpaka sahani zikaisha.

"Usinichukie," mama akasema.

"Sijakuchukia."

"Utanichukia usiku, ukishalala. Najua." Alikuwa mwanamke mnene, wa rangi ya sukari guru, na mikono iliyochubuliwa na dawa za kusafishia. "Sisi kwetu bibi yangu alisema, oa atakayekupandisha rangi, usioe wa kukushusha. Mimi mwenyewe mama mkwe wangu alinipokea mlangoni, akanipa kahawa kwenye kikombe cha wafanyakazi. Nikaapa wajukuu wangu hawatapewa kikombe hicho. Nilimwambia Eliezer maneno hayo siku ile ya kwanza aliponitajia jina lako. Mara moja tu nilimwambia."

"Naye akakuelewa."

"Alinielewa kupita kiasi." Doña Ozema akatundika kitambaa. "Kule New York mimi ni mweusi tu, mwanangu. Hakuna anayeuliza mweusi wa namna gani. Ningekuona wewe kwa macho yangu ningenuna mwezi mzima, halafu ningezoea. Mimi hununa, siui."

Yudelka hakujua acheke au alie. Akaitoa poda mkononi kwa sabuni ya vyombo, na ilichukua maji mengi.

* * *

Studio ya Foto Plinio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, na Jumatatu asubuhi Yudelka ndiye aliyefungua mlango. Don Plinio, mwenye studio, alikuwa amekwenda Puerto Plata kwenye ubatizo. Eliezer huja saa nne. Yudelka alikuwa na saa nzima peke yake na kompyuta.

Kazi yao ilikuwa imegawanyika hivi: Eliezer anapiga, Yudelka anatengeneza rangi. Kamera inaweza kukupa picha iliyokwisha kupikwa, tayari kwa kula, au inaweza kukupa mbichi, mwanga wote kama ulivyoingia, rangi zote kama zilivyokuja, haijaamua lolote. Pale kazini waliziita hivyo hivyo, picha mbichi. Ukiifungua mara ya kwanza imepooza, haina hata chumvi. Mpishi ndiye anayeamua. Na kompyuta, mmbea kuliko jirani yeyote, huandika kila alichoamua mpishi kwenye faili dogo la pembeni: tarehe, saa, kitu gani kilisogezwa, kwa kiasi gani. Picha yenyewe haiguswi kamwe. Unaweza kurudi baada ya miaka kumi ukaikuta vilevile, na orodha ya dhambi zako pembeni yake.

Picha za uchumba wao Yudelka alikuwa ameomba azitengeneze mwenyewe. Eliezer akakataa huku akimbusu shingoni. "Bibi harusi hapiki chakula cha harusi yake," alimwambia, na yeye akaona ni mahaba.

Mahaba yalikuwepo, tusimwonee mtu. Wiki ile ya kwanza, Yudelka alipoajiriwa, Eliezer alimkalisha kwenye kigoda karibu na dirisha ili ajaribu lenzi mpya, akampa kadi ya kijivu aishike chini ya kidevu.

"Nimekuwa mfungwa?" Yudelka aliuliza.

"Kamera haina akili, dada yangu. Haijui nyeupe ni ipi wala nyeusi ni ipi. Unaionyesha kijivu hiki, ndipo inapata pa kuanzia."

"Wanasema ina macho mazuri lakini."

"Macho milioni ishirini na nne. Ila nusu yake yanaona kijani tu. Robo yanaona nyekundu, robo buluu. Hakuna hata jicho moja linaloona rangi zote."

"Sasa yanajuaje mimi nikoje?"

"Yanaulizana kwa majirani," Eliezer akasema, na alipoinua uso kutoka nyuma ya kamera wote wawili walikuwa wanacheka, na kicheko kile kiliwafikisha mbali sana.

Sasa Yudelka alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, akifungua folda iliyoandikwa *Mama*.

Picha ilikuwa ileile ya kwanza, ya kigoda na dirisha. Pembeni yake, orodha. Ngozi ya binadamu, hata awe nani, kompyuta huihesabu kwenye rangi ya chungwa. Ukipandisha mwanga wa chungwa, mtu anakuwa mweupe na ukuta unabaki ulivyo. Yudelka aliijua hila hiyo kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Picha ya kwanza: chungwa juu kumi. Kumi si kitu, mtu hupandisha kumi kwa mkono kuteleza. Wiki mbili baadaye, picha ya kanisani: ishirini na tano. Krismasi: thelathini na nane. Alikumbuka sauti ya Doña Ozema iliyokuja Krismasi ile, Eliezer alivyomsikilizisha kwa furaha, "Msichana mzuri, mwanangu, kila siku anazidi kupendeza." Kila mama alipomsifu, mwana alizidi kupandisha. Picha za uchumba zilifika sitini, na hapo Eliezer alikuwa ameacha kuamini hila peke yake, akachukua brashi akapaka kwa mkono: shingo, viganja, vifundo vya miguu, masikio.

Masikio! Alikuwa amekumbuka hata masikio.

Mlango ukagonga ukuta, Eliezer akaingia na vikombe viwili vya kahawa na mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. "Nimekuletea vitafunio vya nyama, vile vya kwa..." Akaona kioo cha kompyuta. Akaweka kahawa chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Keti," Yudelka akasema.

"Yude, naomba nikueleze."

"Nieleze. Anzia masikioni."

Eliezer hakuketi. "Unamjua mama. Amefanya kazi miaka ishirini ili mimi nisome, ninunue kamera hii. Siku niliyomwambia nina mchumba, swali lake la kwanza halikuwa jina lako. Ningefanyaje? Nikasema nimtumie picha iliyoongezwa mwanga kidogo, amzoee polepole..."

"Amzoee nani?"

"Wewe."

"Mimi sijajiona kwenye folda hii. Nimetafuta."

"Nilitaka kurudisha! Kila mara nilisema picha inayofuata nitashusha, nitashusha kidogo kidogo mpaka afike kwako. Halafu anasifia. Ukishadanganya mara moja, Yude, unashushaje?"

"Kwa hiyo ulikuwa unangoja nini? Siku ya harusi nijifunike na shela mpaka tumalize kucheza?"

"Nilikuwa mwoga. Basi. Nimekubali, mimi ni mwoga." Akapangusa uso. Kisha, kama waoga wote wanavyofanya wakibanwa kwenye kona, akarusha jiwe. "Na wewe usinitazame hivyo. Kazi hii unaifanya kila siku. Bibi harusi wa Jumamosi ulimpandisha ngapi?"

Jiwe lilimpata. Bibi harusi wa Jumamosi alipandishwa nane, ndicho kiwango cha Don Plinio kwa wote wanaoingia, na mama yake alirudi akaomba nane nyingine, akapewa. Miaka minne Yudelka alikuwa ameketi kwenye kiti kile akiwafanya wasichana weupe, akiwatakia ndoa njema.

"Kumi na sita," alisema. "Na nitalijibu hilo kwa Mungu. Lakini wale huja kwa miguu yao, wananiomba. Mimi nilikuomba?"

"Hapana."

"Miaka minne, Eliezer. Nimekula na wewe, nimelala na wewe, umeniuguza dengue. Unarudi hapa, unachukua brashi, unanifuta masikio."

"Sijakufuta!" Akapiga magoti kando ya kiti chake, akaikamata mikono yake yote miwili. Mikono yake ilikuwa na joto, na Yudelka, apende asipende, mwili wake uliijua. "Sikiliza. Picha mbichi sikuigusa hata moja. Wewe unajua kuliko mtu yeyote, haiwezekani kuigusa. Kila rangi yako iko mle, kila kivuli, sikupoteza hata punje. Uko salama mle ndani."

"Nani anaishi ndani ya faili?"

Eliezer aliinamisha kichwa. Alikuwa analia sasa, bila sauti. Nje mwuza parachichi alikuwa anapita na kipaza sauti chake, bei moja, bei moja, na hakuna aliyekumbuka kufunga dirisha. Yudelka alitazama utosi wa mwanaume huyu, mahali nywele zilipoanza kupungua, mahali alipopabusu mara nyingi, na alihisi hasira inamtoka kidogo kidogo na kuacha kitu kizito zaidi. Alimpenda. Kama angekuwa hampendi asubuhi hii ingekuwa rahisi.

"Inuka," akamwambia. "Fungua picha ya uchumba. Futa maagizo yote. Mtumie mama yako kama ilivyotoka kwenye kamera. Sasa hivi, mimi nikiona. Ukifanya hivyo, harusi ipo."

"Sasa hivi?"

"Kahawa haijapoa."

Yudelka alifikiri kwamba atakataa. Hakukataa. Eliezer alivuta kiti, akashika kipanya, akabonyeza pale panapofuta yote. Kwenye kioo Yudelka alirudi. Alirudi kama mtu anayeingia chumbani kutoka uani: paji la uso, mashavu yenye wekundu kwa ndani, shingo nyeusi na mwanga wa saa kumi umemwagika begani, na masikio yake. Alikuwa mzuri. Alijiona, akajua, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kujiona hivyo.

Eliezer akaituma. Akaandika chini yake: *Mama, huyu ndiye Yudelka. Nilikudanganya. Nisamehe.* Halafu wakakaa, wameshikana mikono kama watoto waliovunja kioo cha jirani, wakingoja.

Sauti ya Doña Ozema ilikuja baada ya dakika tatu. Eliezer aliibonyeza, na chumba kikajaa mama yake.

"Nimeona. Ndiye huyu niliyemwona jana, huyu ndiye aliyenioshea vyombo. Wewe Eliezer ni mpumbavu, na mimi nimekulea, kwa hiyo mpumbavu ni mimi. Mwambie msichana soksi nitabadilisha, risiti ninayo. Na aniambie namba yake mwenyewe, nisitafute kwa picha tena." Kikohozi kidogo. "Ana shingo nzuri. Sikuiona kule."

Eliezer alicheka na kulia pamoja. Akamkumbatia Yudelka na kiti chake, kwa nguvu, akimpumulia kwenye nywele. "Umesikia? Umemsikia mama? Yamekwisha, mpenzi wangu. Yamekwisha."

Yudelka aliegemea kifua chake. Alihisi moyo wake unarudi mahali pake. Ni kwa sababu hiyo tu, kwa sababu alikuwa ametulia, na kidevu chake kimelala begani kwa Eliezer, macho yake yakipitapita kwenye kioo bila kutafuta kitu, ndipo alipoiona folda nyingine chini ya ile ya *Mama*. Iliandikwa *Zangu*.

"Hizi ni zipi?"

Mikono ya Eliezer ikalegea. "Ah, hizo. Hizo za kwangu tu. Mazoezi."

"Nione."

"Yude, tumeshamaliza. Twende tukanywe kitu, tumpigie mama yako..."

"Nimekuuliza, nione."

"Usifungue hiyo," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba Yudelka alishafungua kabla hajaisikia sawasawa.

Picha arobaini na kitu. Zote zake. Yudelka amelala, mkono chini ya shavu. Yudelka anachana nywele. Yudelka wa gauni la njano kwenye ngazi za mnara. Zilikuwa picha za mtu anayependa, hata kipofu angejua; hakuna anayempiga picha mtu amelala kwa subira namna ile kama hampendi. Na katika kila moja alikuwa mweupe. Mweupe kuliko kwenye picha za *Mama*, weupe wa bila haraka, uliotengenezwa kwa ustadi, tabaka juu ya tabaka, mpaka usingedhani kuna mkono uliopita. Chungwa sabini. Chungwa themanini na mbili. Tarehe ya kwanza kwenye orodha ilikuwa wiki ya pili ya mapenzi yao, kabla Doña Ozema hajasikia jina lake.

"Hizi ulimtumia nani?"

Eliezer alikuwa ametazama sakafu.

"Mama yako hizi hakuziona."

"Hapana."

"Don Plinio? Rafiki zako?"

"Hakuna mtu."

"Nani alikuwa anaziangalia, Eliezer?"

Mwuza parachichi alikuwa amefika kona ya mbali, sauti yake imebaki mlio tu.

"Mimi tu," Eliezer akasema.

Yudelka aliirudia ile picha ya usingizi. Doña Ozema, Yudelka angeweza kumsamehe. Mama ni mama, ana kikombe chake cha wafanyakazi kilichomkaa rohoni tangu ujana. Uongo wa mwoga angeweza kuusamehe, na alikuwa ameshausamehe, dakika mbili zilizopita, kwenye kiti hiki. Lakini hapa hapakuwa na wa kumwogopa. Hapa mwanaume alikuwa amefunga mlango, yuko peke yake na mpenzi wake, na bado alichukua brashi.

"Sijui kwa nini," Eliezer alisema. "Nakuapia, Yude. Nilikuwa nikitengeneza tu. Unaona picha, unasema kidogo tu, ipendeze... Mkono unakwenda wenyewe. Ni wewe huyo. Nilikuwa nakupenda wewe."

"Hebu nitazame sasa."

Akainua macho. Yalikuwa yaleyale, mazuri, ya subira. Yalimtazama usoni na yakajitahidi, na Yudelka aliona jinsi yanavyojitahidi. Ndicho alichokuwa ametaka kujua.

Alivua pete, akaiweka juu ya ile kadi ya kijivu mezani, si kwa hasira. Aliiweka mahali isipoweza kudondoka.

"Wiki tatu, Yude. Watu mia na hamsini. Ukumbi..."

"Mwambie mama yako asibadilishe soksi," akasema. "Zinamtosha yule uliyemchagua."

Akachukua mkoba wake. Eliezer alimfuata mpaka juu ya ngazi, akiita jina lake, jina lote, Yudelka Altagracia Reynoso, kama padri siku ya ndoa. Hakugeuka. Alishuka ngazi akishika ukuta, akapita mbele ya duka la dawa ambako wanawake walikuwa wamepanga mstari, akatoka juani.

* * *

Mama Fiordaliza alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na sketi za buluu za wanafunzi, pini mdomoni. Alimwona binti yake mlangoni saa tano ya asubuhi, siku ya kazi, kidole kitupu. Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Harusi haipo," Yudelka akasema.

Mama Fiordaliza akasimamisha cherehani. "Mama yake amekukataa."

"Mama yake amenikubali."

"Basi Eliezer amekupiga."

"Hajawahi kunipiga."

"Amekutukana?"

"Wala hajawahi, mama."

Mama Fiordaliza akakunja sketi aliyokuwa anaishona, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa mweusi kama binti yake, na alikuwa amezaa na mwanaume mmoja na kuachwa na wawili, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuuliza mengi.

"Ana mwanamke mwingine."

Yudelka aliketi kwenye kigoda, katikati ya sketi. Alitafuta jibu jingine la kumpa mama yake, hakulipata.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza."

"Miaka yote hiyo!" Mama alipumua kwa pua. "Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Leo."

"Mweupe?"

"Mweupe, mama."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, ya kumtingisha mabega. Mama Fiordaliza akamvuta, akamlaza kichwa mapajani juu ya vitambaa vya watu, akaanza kumpapasa nywele kwa vidole vyake vilivyojaa matundu ya sindano.

"Huwa ni mweupe, mwanangu," alisema. "Siku zote huwa ni mweupe."